Sura ya Sita: Picha ya Pete

Mpiga picha alimwacha Inspekta amesimama makusudi. Kengele ya mlango ilipolia aliinua jicho moja, akaona ni nani, kisha akarudia kuifuta lenzi yake kwa kitambaa laini kana kwamba aliyeingia ni upepo. Kiti cha wageni kilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na mikoba ya kamera, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuiondoa.

Kituoni walimwita Inspekta huyu Msumeno, kwa sababu hukata akienda na hukata akirudi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na kuomba kiti hakukuwa katika tabia zake. Aliichukua mikoba, akaiweka sakafuni, akaketi.

"Humo mna vitu vya thamani kuliko hilo gari ulilokuja nalo," mpiga picha alisema.

"Gari si langu, ni la serikali. Nimefuata picha ya pete."

"Picha nilishawapa wenye harusi."

"Tuliyoletewa ni ya kwenye simu. Mahakama inataka yenyewe, kama ilivyotoka kwenye kamera. Kesho msusi anapandishwa kizimbani, na picha hiyo ndiyo kesi nzima."

"Kadi nimeshaifuta. Nina harusi nyingine Jumamosi."

Alisema hivyo bila hata kumtazama, na hapo ndipo Msumeno alipoanza kumchukia rasmi. Mtu huyu mtaa mzima ulimwita Profesa, na yeye aliitikia. Mteja aliyekuja kuuliza bei ya picha za harusi alipewa kwanza mhadhara, kisha bei, kisha dharau.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Bibi harusi alikuwa amevishwa mkufu wa dhahabu wa ukoo wa mumewe, ule unaorithishwa mke wa mtoto wa kwanza. Mara tu baada ya kuvishana pete, aliingia chumba cha kujipambia na msusi wake, wakiwa wawili tu. Huko msusi alimtengeneza nywele, akamvalisha joho la satini lililofungwa vifungo mpaka chini ya kidevu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na baridi. Kisha msusi akabeba mkoba wake, akatoka getini hata chakula hakungoja, maana alikuwa na bibi harusi mwingine wa kumsuka. Jioni joho lilipovuliwa, shingo ilikuwa tupu. Picha ya pete ilionyesha mkufu uko shingoni, na baada ya pete hakuna mkono uliofika kwenye shingo ile ila wa msusi. Mama wa bwana harusi ndiye aliyeileta picha hiyo kituoni yeye mwenyewe, akaiweka simu mezani na kusema, "Hesabuni wenyewe."

Msumeno alihesabu, na jibu likaja msusi. Msusi alisema jambo moja tu tangu siku ile: "Mkufu niliuacha shingoni mwake." Msusi huyo si mtu baki. Ni mtoto wa mama mkubwa wa bibi harusi, wamelelewa nyumba moja, na bibi harusi humwita dada. Ndiyo maana Msumeno aliona ushahidi umekamilika, kwani hata bibi harusi hakusimama kumtetea.

Sasa alikuwa ameketi dukani kwa Profesa, anatazama kuta. Ukuta wa mbele ulikuwa na picha moja tu, kubwa, imefika karibu na dari. Ilikuwa ndiyo ile ile ya pete. Bwana harusi ameinama kidogo, anamvisha pete bibi harusi, mkufu unang'aa shingoni, mwanga umetulia usoni mwao vizuri mno.

"Umeitundika," Msumeno alisema.

"Kazi nzuri hutundikwa."

"Nzuri kweli." Akabadilisha sauti, ikawa ya mtu wa kawaida mwenye shida ya kawaida. "Nina mpwa wangu anataka kuanza kupiga picha za harusi. Ananisumbua nimnunulie kamera. Anunue ipi?"

Profesa aliiweka lenzi chini. Chuki yake ilipungua pale pale, maana mlafi hata akiwa na hasira akiwekewa chakula hula.

"Mwambie asinunue kwa ajili ya macho ya watu," alisema. "Vijana wote wananunua kamera kwa namba zilizoandikwa kwenye boksi. Harusi haipigwi na namba. Kitu cha kwanza, ione gizani, kwa sababu kumbi zote ni giza na wenye kumbi hawakubali kuwasha taa. Cha pili, ilenge upesi. Bibi harusi hakusubiri wewe. Halafu iwe na nafasi ya kadi mbili, picha iandikwe kote kote, kadi moja ikifa nyingine ipo. Na pesa kubwa aweke kwenye lenzi, si kwenye kamera. Kamera iliyokwisha kutumika si aibu."

"Basi akishakuwa nayo ndiyo kapiga harusi."

"Thubutu. Kamera ni nusu. Lazima ajue kitakachotokea kabla hakijatokea. Aende ukumbini siku moja kabla, aone madirisha yako wapi. Akae na mshereheshaji wa shughuli, ajue nani anaanza, nani anafuata. Pete zikitoka kwenye kisahani, kidole chake kiwe tayari kimeshalala kwenye kitufe. Pete haivishwi mara mbili."

"Nani huanza kuvishwa?"

"Bibi harusi. Siku zote. Bwana anamvisha bibi, ndipo bibi anamvisha bwana."

"Hata kwenye harusi hii?"

"Hii pia. Mimi nilikuwa pale, si wewe."

Msumeno aliinuka, akausogelea ukuta. Alikuwa ameitazama picha hii mara nyingi mezani kwake, lakini kwenye simu ilikuwa ndogo ya kutosha kufunikwa na vidole viwili. Hapa kila kucha ilionekana. Mkono wa kulia wa bwana harusi ulikuwa unasukuma pete kwenye kidole cha mkewe. Mkono wa kushoto, uliokuwa umeubeba ule wa mkewe kwa chini, ulijificha nusu kwenye kivuli. Kwenye kivuli hicho kulikuwa na kitu kinachong'aa.

Aliweka kidole juu yake.

"Profesa, njoo unisomee hapa. Bwana anamvisha bibi kwanza. Na yeye mwenyewe tayari ana pete. Kavishwa na nani?"

Profesa hakuja. Alikaa pale pale, kitambaa mkononi.

"Pengine aliivaa mapema," alisema. "Watu wengine hujaribu."

"Katikati ya shughuli, mbele ya wazee wake na wakwe zake, ajivishe mwenyewe."

"Mimi sijui mambo ya watu. Napiga tu ninachokiona."

"Na kamera ile?" Msumeno alionyesha kabati la vioo. Ndani yake kulikuwa na kamera nyeusi inayometa, mpya hata utepe wake haujakunjika, na kikaratasi kimebandikwa: INAUZWA. "Kwenye picha za wageni inaonekana imening'inia shingoni mwako. Imepiga harusi moja, umeiweka sokoni. Namba zake kwenye boksi zilikuwa nyingi, eeh?"

Uso wa Profesa ulibadilika. Hasira ilimpanda, lakini chini yake kulikuwa na aibu, na Msumeno aliiona waziwazi.

"Hiyo ni biashara yangu. Picha umeiona. Ondoka."

"Njia ya mwongo ni fupi, Profesa, na yako imeishia kwenye ukuta wako mwenyewe. Picha ya pete si ya wakati wa pete. Mliigiza baadaye. Kwa hiyo baadaye huko mkufu ulikuwa bado upo, na wewe ulikuwa hapo. Sasa nina mtu mmoja aliyesema uongo kuhusu saa ya mkufu kupotea, na anasema kadi ameifuta. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungemkamata nani?"

"Mimi si mwizi."

"Msusi pia alisema hivyo. Nilimfungia."

Profesa aliketi. Alipoanza kusema alisema haraka, kama anayetema dawa chungu.

"Haikulenga. Pete imetoka kwenye kisahani, nimebonyeza, kamera inatafuta, inakwenda mbele inarudi nyuma, lile giza la ukumbi limeishinda. Ilipokuja kupiga, pete zimeshaingia, watu wanapiga vigelegele. Nilipata visigino vya msimamizi. Miaka yote hii sijawahi kukosa pete. Kamera yangu ya zamani niliiacha nyumbani siku ile kwa sababu imechubuka, nikaona kwenye harusi ya watu wakubwa nitadharauliwa."

"Mkarudia lini?"

"Watu walipotoka kwenda kula kwenye mahema. Ukumbi ulibaki mtupu. Niliwaomba maharusi warudi pale pale. Bibi harusi akavua joho, ili afanane na mwanzo. Bwana nilimwambia avue pete yake, ikagoma, ilikuwa imembana. Nikamwambia aifiche kwa chini. Nani anaangalia mkono wa mwanamume kwenye harusi?"

"Msusi alikuwepo?"

"Alikuwa ameshaondoka zamani. Nilimwona anatoka na mkoba wake wakati wageni hata hawajanawa mikono."

Msumeno aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake. Alimfikiria msusi sakafuni mwa mahabusu, na jinsi yeye mwenyewe alivyomkatiza kila alipojaribu kueleza. Alijisikia vibaya, na ubaya huo akamgeuzia aliye mbele yake.

"Yaani ulijua siku zote hizo kwamba hakuhusika. Ukatundika picha."

"Ningesema mkufu ulikuwepo, ningesema na lile lingine. Nani angenipa harusi tena?"

"Mficha uchi hazai. Nani mwingine alikuwa ukumbini?"

"Mama wa bwana harusi. Ndiye aliyeniona nahangaika na kamera. Alikuja akaniambia, 'Usijali mwanangu, rudia tu, siri yako ni yangu.'" Profesa aliisogeza lenzi pembeni. "Baada ya pete, nilitaka picha ya vitu, nikaanza na mkufu. Huwa tunavipanga dirishani penye mwanga. Mama akauvua mkufu shingoni mwa mkwewe, akauweka. Nikapiga. Bibi harusi akavaa joho lake, maharusi wakatoka. Nikarudia kupiga, na ile kamera ikaanza tena kutafuta. Ilipolia, dirishani hapakuwa na kitu."

"Hapakuwa na kitu, au picha inaonyesha hapakuwa na kitu?"

Profesa alikikunja kitambaa chake mara mbili.

"Kadi umefuta?"

"Mpiga picha hafuti," Profesa alisema kwa sauti ndogo. Akaifungua kompyuta.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mkufu umelala dirishani. Ya pili ilikuwa imechelewa. Mkono wa mwanamke mtu mzima ulikuwa unaufumbata mkufu, nusu yake imeshaingia kiganjani, na kidole cha mwisho cha mkono ule kilikuwa kimepinda kikatazama nje, hakikukunjana na vingine. Kamera iliyokosa pete kwa kuchelewa ilikuwa imeudaka mkono kwa kuchelewa.

"Chapisha," Msumeno alisema. "Kubwa."

*

Nyumbani kwa bwana harusi hakuna aliyemuuliza mgeni anakunywa nini. Mama wa bwana harusi alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, miguu juu ya kigoda, albamu ya harusi mezani. Bwana harusi alikuwa kazini. Alipohojiwa wiki iliyopita alisema kwamba yeye hakuangalia shingo ya mtu, aliangalia kamera kama alivyoambiwa, na Msumeno alimwamini, kwa kuwa alikuwa mwanamume wa kufanya anavyoambiwa. Bibi harusi alisimama karibu na mlango wa jikoni, nywele zake bado ni zile zile alizosukwa siku ya harusi, zimeanza kufumka pembeni.

"Nilidhani kesi ni kesho," mama alisema. "Mmekuja kunibebea nini tena?"

"Nimekuja kumuuliza mwanao."

"Huyu si mwanangu, ni mkwe wangu."

"Basi mkweo." Msumeno alimgeukia bibi harusi. "Dada yako alipoondoka, mkufu ulikuwa wapi?"

Bibi harusi alitazama chini. Mama akajibu kwa niaba yake. "Alishaandika maelezo. Mara ya mwisho kuuona ni wakati wa pete. Hiyo imeandikwa na ana sahihi yake. Au siku hizi polisi mnahoji mpaka mpate mnalolitaka?"

"Wakati mwingine. Profesa amenieleza pete mlivyorudia."

Mama hakushtuka. Alivuta ncha ya mtandio wake, akauweka sawa begani. "Profesa? Mtu aliyekosa pete akauza uongo kwa bei ya harusi nzima? Nenda mahakamani na huyo, wakucheke."

"Uliileta wewe ile picha kituoni. Ulijua imepigwa lini. Ulijua pia hatasema, kwa sababu angejimaliza mwenyewe."

"Hayo ni maneno."

Msumeno aliifunua picha kubwa aliyokuwa ameikunja, akailaza juu ya albamu. Mkono, mkufu, dirisha. Kisha akautazama mkono wa mama uliolala kwenye kiti. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejitenga, kimetazama nje. Mama aliona anatazamwa nini, lakini hakuuficha. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kuijua njia ya kutokea.

"Haya. Mkono ni wangu. Na mkufu ni wangu. Tangu lini mtu akajiibia?"

"Mama," bibi harusi alisema.

"Nyamaza. Niliungoja mkufu huu mpaka mama mkwe wangu alipoingia kaburini. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwogesha, ndipo nikavishwa. Huyu kaingia kwa mlango wa mbele na gauni la kukodi, baba watoto anasema vua umpe. Nimeuchukua. Upo chumbani, kwenye kopo la vifungo. Chukua vipimo vyako vyote uniambie nimevunja sheria gani."

"Ya wizi, hakuna," Msumeno alisema. "Nakubaliana na wewe kabisa. Mkufu ni wako na hakuna aliyeuiba. Basi nijibu jambo moja. Kama hakuna aliyeiba, aliyeko ndani yuko kwa kosa gani? Nani alikuja kwangu akasema ameibiwa, akataja jina, akatia sahihi?"

 Mguu wa mama ulishuka kutoka kwenye kigoda.

"Hilo ndilo kosa nililokuja nalo," Msumeno aliendelea. "Vaa viatu."

Bibi harusi alikuwa ameanza kulia, kimyakimya, bila kujifuta. "Aliniambia nichague," alisema. "Aliniambia mkufu umetoka shingoni mwangu, kwa hiyo ni dada au ni mimi. Akasema mimi nikiwa mwizi, ndoa hakuna, na nyumbani nitarudi na jina hilo."

"Sikukulazimisha," mama alisema, akiinama kutafuta viatu. "Nilikuuliza tu. Ukajibu mwenyewe."

Hakuna kilichosemwa siku hiyo kilichokuwa cha kikatili kuliko hicho, na ubaya wake ni kwamba kilikuwa kweli. Msumeno alilitoa kopo chumbani. Mkufu ulikuwa chini kabisa, chini ya vifungo vya makoti ya zamani. Akaunyanyua kwa kalamu, akautia kwenye bahasha ya kielelezo, akaandika saa. Bibi harusi aliomba aandamane nao kituoni, na Msumeno hakumkataza wala hakumkaribisha.

*

Msusi alitolewa kabla jua halijashuka. Kaunta walimrudishia mkoba wake: vitana, pini, nyuzi, mkasi, chupa ya mafuta iliyomwagika nusu. Alivihesabu kimoja kimoja mbele yao, maana alikuwa amejifunza kwamba kitu kikipungua ni yeye atakayeulizwa.

Msumeno alisimama upande wa pili wa kaunta. Alikuwa ametayarisha la kusema, na lilipofika kinywani aliliona halitoshi.

"Nilikosea," alisema.

"Ndiyo," msusi alijibu. Akafunga zipu. "Nani alijua?"

Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema ni mama mkwe peke yake, na hilo lingemwachia mwanamke huyu kitu cha kurudi nacho nyumbani. Lakini msusi alikuwa ameshadanganywa vya kutosha.

"Watatu. Mpiga picha, mama wa bwana harusi, na mdogo wako."

Msusi aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayethibitisha alilokwisha kulijua gizani. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa ameiambia sakafu ya mahabusu usiku wa kwanza, na sakafu haikubisha.

Bibi harusi alikuwa kwenye benchi la nje, karibu na mlango. Alipomwona alisimama, mikono mbele, uso umevimba.

"Dada."

Msusi alisimama. Alimtazama kichwani, si usoni. Alizitazama zile nywele alizozisuka kwa mikono yake, akaanzia utosini mpaka kwenye ncha, kama anavyomtazama mteja yeyote anayeingia mlangoni. Mkono wake ulipanda kidogo, kwa mazoea, kuelekea kwenye msuko uliofumka sikioni. Kisha ukashuka.

"Zimechakaa," alisema. "Tafuta wa kukufumua."

Akapachika mkoba wake begani, akaenda zake.